Shajara ya mradi: kuipeleka sentensi ya Kiingereza kwenye wakati ujao, Katwe, Kampala

Shajara hii ni ya yeyote mwenye kikundi kama chetu: watu wa Kiswahili wanaoishi Uganda na wanaohitaji Kiingereza ili shughuli zao ziende. Tuko kumi na saba. Watu wazima ni kumi na wawili, wengi wao wametoka Kongo. Wanauza vitenge, wanashona, au wanafanya kazi kwenye gereji na karakana za kusuka mota, yaani kuzizungushia upya nyaya zake, hapa Katwe. Watoto ni watano, wote wa P.6, yaani darasa la sita la msingi. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri kwenye chumba cha nyuma cha duka la ushonaji. Mimi nimezaliwa Bukoba, ng'ambo ya ziwa, na darasa naliongoza kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha sote.

Lengo ni moja: mtu apewe sentensi ya Kiingereza ya jana au ya leo, aihamishe iwe ya kesho bila kuivunja. Watoto wanalihitaji hilo kwa mtihani wa kitaifa wa P.7, ambao humtaka mtoto aiandike upya sentensi kama alivyoelekezwa kwenye mabano. Watu wazima wana haja kubwa zaidi, maana biashara yote ni ahadi. Mzigo utafika lini, mota itakuwa tayari saa ngapi, deni litalipwa mwezi gani. Mtu asiyeweza kutoa ahadi kwa Kiingereza anampoteza mteja wa Kampala huku ufundi anao.

Jumamosi, 8 Februari 2025: reli ya kwanza

Nimeanza na kifaa. Nilikata boksi la biskuti nikapata kipande chenye urefu wa rula moja na upana wa kiganja, nikatoboa dirisha dogo katikati. Kushoto kwa dirisha niliandika "a", kulia "nunua". Nyuma yake unapita ukanda wa manila wenye na, li, me na ta. Ukiuvuta, neno linabadilika machoni pako: ananunua, alinunua, amenunua, atanunua. Watoto waliipa jina la reli, na jina limebaki.

Nilitaka waone kwanza kwamba wakati ujao wanaujua tayari. Katika Kiswahili wakati una kiti chake ndani ya neno, unamwondoa mmoja unamkalisha mwingine. Niliwaeleza pia asili ya hiyo -ta-: ni kitenzi "taka" kilichopunguzwa, ndiyo maana "taka" lenyewe hujitokeza tena tunaposema "atakayekuja". Will ya Kiingereza nayo ilianzia kwenye kitenzi cha kale chenye maana ya kutaka. Lugha mbili zilizokua mbali hivyo zimefikia kesho kwa kupita mlango uleule. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa muda mrefu, kisha akasema: "Basi kesho ni kitu cha kutakwa, Mwalimu." Nimeiandika sentensi yake ukutani.

Kosa la kwanza lilitokea hapohapo. Kuna kijana wa gereji, Mganda, aliyejiunga nasi ili pia aokote Kiswahili. Alivuta reli ya pili, yenye kitenzi "tuma", akasimama kwenye "alituma" na kusema hiyo ni kesho. Wenzake walimcheka. Niliwanyamazisha, kwa sababu kwa lugha yake alikuwa sahihi kabisa. Katika Kiganda -li- ni ya wakati ujao wa mbali, na "alituma" maana yake atamtuma mtu. Neno moja, herufi zilezile, nyakati mbili zinazopeana mgongo. Mwenye darasa lenye Waganda aiondoe -li- kwenye reli siku ya kwanza. Mimi nimeibadilisha.

Gharama: manila 5, shilingi 5,000; kalamu nene 2, shilingi 4,000. Boksi nilipewa bure dukani.

Jumamosi, 15 Februari: reli ya Kiingereza yakwama

Nilitengeneza reli ya Kiingereza kwa mfano uleule. Kushoto "He", kulia "sold the cloth", na dirishani unavuta will. Ikatoka "He will sold the cloth". Nilikuwa nimeliona hilo nyumbani nikadhani tutalirekebisha kwa maneno. Hatukuweza. Niliwapa sentensi ishirini, na madaftari yalijaa "She will sells", "He will went", "They will were". Hakuna aliyepata hata nusu.

Tatizo lilikuwa la kwangu, kwenye kifaa. Kiingereza hakiuweki wakati uliopita kwenye kiti cha peke yake; kinaupika ndani ya kitenzi chenyewe mpaka sell inakuwa sold. Ukiingiza will bila kwanza kuitoa jana, sentensi inabeba nyakati mbili.

Hatari zaidi ni vitenzi ambavyo umbo lake la jana ni kitenzi kingine kizima chenye maana yake. Msuka mota wetu alipewa "He wound the motor", akaandika "He will wound the motor". Hiyo ina maana kwamba atamjeruhi mota. Wind ndiyo kusuka. Mshonaji alikuwa na "She saw the cloth", akaandika "She will saw the cloth", yaani atakikata kitambaa kwa msumeno. "He found the key" iligeuka "He will found the key", ataasisi ufunguo. Na "The tree fell" ikawa "The tree will fell", mti utaangusha mti mwingine. Sentensi hizi nne zinafaa kuwekwa mapema katika kila darasa. Ukikosea "will went", msikilizaji anakuelewa na kukusamehe. Ukikosea "will wound", fundi mwenzako anaelewa kitu kingine.

Jumamosi, 22 Februari: toa, ndipo utie

Reli mpya ina madirisha mawili. La kwanza ni la will, la pili ni la kitenzi, na kanda mbili zimegundishwa pamoja nyuma. Huwezi kuivuta will mpaka sold imeondoka na sell imeingia. Mkono unajifunza kabla ya kichwa, na wanasema kwa sauti wanapovuta: toa, tia.

Kulipata umbo la asili la kitenzi kuna njia mbili tulizozijaribu. Ya kwanza ni kuuliza kwa did: "Did he wind the motor?" Waliokizoea Kiingereza kwa masikio sokoni walitoa wind bila kufikiri. Wasiokizoea walikwama, wakauliza "Did he wound?". Kwa hao nilitoa orodha ya vitenzi sitini vya kazi zao, safu mbili, jana na asili. Cut, put, hit na shut havibadiliki, kwa hiyo "They cut the cloth" inaweza kuwa ya jana au ya kila siku, na jibu ni moja tu: "They will cut the cloth".

Maswali na ukanushi vilipita haraka. Did inaondoka, will inakaa mahali pake. Didn't inakuwa won't. Hapo palitokea jambo nisilolitarajia: masikio yetu hayatofautishi won't na want. Mama mmoja alitaka kuniambia kwamba mteja hatalipa, mimi nikasikia kwamba anataka kulipa. Kwa watu wa biashara hilo si jambo dogo. Tumekubaliana kwamba mpaka mwisho wa mradi tutasema na kuandika "will not" kwa urefu wake.

Gharama: fotokopi kurasa 2 kwa watu 17, shilingi 200 kila ukurasa, jumla 6,800.

Jumamosi, 8 Machi: kitenzi cha kwanza, na kadi niliyoichana

Leo ni Siku ya Wanawake, sikukuu ya taifa, basi tulikutana asubuhi na wengi walikuja wamevaa vizuri. Tulikuwa tunaingia kwenye sentensi zenye vitenzi viwili au vitatu vilivyofuatana.

Wiki iliyopita, toa-tia ilikuwa imewafundisha kupita kiasi. Katika "He is selling cloth" walitoa kila kitu na kuandika "He will sell cloth", sentensi nzuri lakini siyo iliyoulizwa, kwa kuwa ile hali ya kuendelea imepotea. Katika "She has sold the cloth" nayo ikawa "She will sell". Nilizunguka na maelezo ya nyakati moja moja mpaka msichana wa P.6 akauliza: "Mwalimu, kwa nini tusitoe cha kwanza tu?" Nilisimama. Nikaziandika sentensi zote ubaoni, na zote zikamtii:

"He is selling" inakuwa "He will be selling".
"She has sold" inakuwa "She will have sold".
"They have been waiting" inakuwa "They will have been waiting".
"The motor was repaired" inakuwa "The motor will be repaired".
"There was a meeting" inakuwa "There will be a meeting".

Unakigusa kitenzi cha kwanza tu, unakirudisha kwenye asili yake, unakitangulizia will. Vilivyo nyuma vinakaa kama vilivyokuwa, -ing yao na yote. Am, is, are, was na were, maumbo matano, yote yanarudi kwenye be moja. Nilikuwa nimeandaa wiki tatu za masomo kwa jambo hili. Limechukua saa moja.

Zilizobaki nje ya kanuni hiyo ni can na must. Kiswahili chetu kinatushawishi vibaya hapo, kwa kuwa "ataweza" inatukalia sawa kabisa mdomoni na kumfanya mtu aandike "He will can". Can haina umbo la asili linaloweza kukaa nyuma ya will, wala must haina. Tunaazima: can na could zinakuwa "will be able to", must na had to zinakuwa "will have to". Niliwaambia waifikirie must kama "itabidi": ukishasema itabidi, have to inakuja yenyewe.

Sasa kadi. Nilikuwa na kadi arobaini za mazoezi, na moja ilisema "Her mother died last year". Kwa kanuni, jibu ni "Her mother will die next year". Ilimwangukia mama mmoja anayekaa dirishani. Aliisoma, akaigeuza ikalala kifudifudi, akasema kwa upole: "Mwalimu, hii siandiki. Huo ni uchuro." Hakuna aliyecheka. Nilimwomba radhi mbele ya wote na nikaichana kadi. Mimi pia ni Mswahili, nalijua hilo tangu utoto: mtu hatamkiwi kifo chake kwa tarehe, hata kwenye mfano. Nilizinakili sentensi kutoka kwenye daftari la zamani la mazoezi bila kuzipima kwa masikio yetu. Jioni nilizipitia kadi zote, nikaondoa nne nyingine: ajali, nyumba kuungua, mtoto kuugua, na "When I was a child", ambayo haiwezi kwenda kesho kwa namna yoyote yenye maana. Atakayeiga mradi huu asifanye haraka hapa. Sentensi ya mazoezi iwe ni jambo ambalo mwanafunzi angependa litokee, au angalau lisilomuumiza akilitamka.

Gharama: manila 3 za kadi mpya, shilingi 3,000.

Jumamosi, 22 Machi: mvua

Mvua za Machi zimeingia. Maji yalipita chini ya mlango usiku na kuloanisha mfuko wa kadi na reli zote mbili. Wino umetawanyika, manila imekuwa uji. Nimeandika upya kadi thelathini na sita na kuzifunika kwa gundi ya karatasi ile pana inayopitisha mwanga, pande zote mbili. Sasa mfuko unatundikwa msumarini. Fanyeni hivyo tangu mwanzo.

Gharama: manila 6, shilingi 6,000, gundi ya karatasi, shilingi 5,000.

Jumamosi, 5 Aprili: will hulala chumba kimoja

Hili ndilo lililotula muda kuliko yote, na ndilo ninaloliona lina faida zaidi kwa Mswahili.

Sentensi ilikuwa "When I reached Mbarara, I called you". Wote kumi na saba, bila kukosa hata mmoja, waliandika "When I will reach Mbarara, I will call you". Kumi na saba kati ya kumi na saba si uzembe. Kuna kitu kinawasukuma, na kitu hicho ni lugha yetu. Sisi tunasema "Nitakapofika Mbarara nitakupigia", -ta- mara mbili, kila kitenzi kimevaa kesho yake. Kiingereza hakitaki. Nyuma ya when, if, before, after, until na as soon as, will haiingii: "When I reach Mbarara, I will call you".

Jaribio la kwanza lilikuwa kukariri yale maneno sita. Tulikariri wimbo mzima. Wiki mbili baadaye kwenye jaribio, kumi na mmoja walirudia kosa lilelile. Orodha ilikuwa kichwani lakini mkono uliandika kwa Kiswahili.

Jaribio la pili lilikuwa kuchora sentensi kama nyumba yenye vyumba viwili, will inalala chumba kimoja tu, chumba cha jambo kuu. Picha waliipenda, wakaishia kugombana ni chumba kipi cha will.

Jibu lilitoka kwenye mazungumzo ya kawaida. Mama muuza vitenge alikuwa anaagana kwenye simu, akasema: "Sawa, nikifika nitakupigia." Nikamwomba arudie. Nikifika. Haina -ta-. Sisi wenyewe tuna namna ya kusema jambo hilohilo bila kuitia kesho kwenye chumba cha kwanza, na namna hiyo ndiyo tunayoitumia zaidi tunapoongea. Hapo nikaibadilisha kanuni nzima. Sasa kabla ya kuandika Kiingereza, mtu anaisema sentensi kwa -ki-:

Nikifika nitakupigia. "When I reach, I will call you."
Mvua ikikatika tutafungua duka. "When the rain stops, we will open the shop."
Akilipa nitampa mota. "If he pays, I will give him the motor."

Mahali penye -ta- weka will. Mahali penye -ki- usiweke. Na ukisema "nikishamaliza nitakuja", ile -sha- inadai have: "When I have finished, I will come". Kwa before na until tuna "kabla hajafika" na "mpaka afike", navyo havina -ta-, basi mkono unatulia.

Lilifuata kosa jipya dogo, ambalo nililipokea kwa furaha kwa kuwa ni kosa la mtu aliyesogea mbele. Baada ya miezi miwili ya kufyeka -s, waliandika "When the rain stop". Chumba kisicho na will kinarudi kwenye wakati uliopo, na huko -s ina haki yake. Tulifanya sentensi kumi za he, she na it pekee, likaisha.

Jaribio la mwisho wa siku: kumi na wanne kati ya kumi na saba walipata. Gharama: hakuna.

Jumamosi, 19 Aprili: mkesha wa Pasaka

Tulikuwa saba tu, wengine wako kanisani au jikoni. Uchache ulisaidia, maana msuka mota aliibomoa kanuni ya wiki mbili zilizopita kwa swali moja. Alikuwa ameandika "I don't know when he will come", akaikata will kwa kuwa kuna when. Sasa aliyekuwa sahihi kwanza amekosea kwa kunifuata mimi.

Tuliipeleka kwenye Kiswahili. Je, unaweza kuisema kwa -ki-? Hatusemi "Sijui akija". Tunasema "Sijui atakuja lini". When hii ni "lini", ni swali lililofichwa, na -ta- yake iko palepale. Will inabaki. Vilevile "Sijui kama atakuja", "I don't know if he will come". Kipimo hakikubadilika: fuata -ki- na -ta- za sentensi unayoisema kwa kawaida, usilifuate neno la Kiingereza. Kilichokuwa kibaya ni wimbo wa maneno sita, ambao niliuacha ukutani. Nimeung'oa.

Palikuwa na swali jingine zuri. Sisi hatuahidi kesho bila kusema "Mungu akipenda" au "inshallah", na mama wa dirishani alitaka kujua aiandike vipi. Aliandika "If God will, I will travel", akahisi kuna kitu. Alihisi vyema. Will ya kwanza ni kitenzi kamili cha kutaka, kile cha kale, na kikiwa kitenzi kamili kinachukua -s kama vingine: "If God wills, I will travel". Katika sentensi moja mna will ya kale na will ya leo, ubavu kwa ubavu. Niliwakumbusha sentensi ya mzee iliyoko ukutani.

Jumamosi, 10 Mei: maneno ya wakati

Yesterday inakuwa tomorrow, last week inakuwa next week. Hayo yalipita kwa dakika kumi.

Ago ndiyo ilitusumbua. "He left two days ago" waliipeleka kuwa "He will leave two days next". Sahihi ni "He will leave in two days". In inatangulia, ago ilifuata, kwa hiyo neno linahama upande. Hapo tulikariri tu.

Na "will have sold" ilipata maana siku hii. Mwezi Machi waliijenga vizuri lakini walikuwa hawajui ni ya nini. Mshonaji aliipatia kazi: wateja humwuliza kama sare za shule zitakuwa zimekwisha kufikia Ijumaa. "Zitakuwa zimekwisha" ndiyo hiyo hasa: "By Friday I will have finished". Bila by na siku yake, sentensi inaning'inia. Kadi zote za will have nimeziongezea tarehe ya mwisho.

Gharama: fotokopi ukurasa 1 kwa watu 17, shilingi 3,400.

Jumamosi, 31 Mei: kijitabu

Tumechapisha. Kurasa kumi na sita: kanuni ya kitenzi cha kwanza, orodha ya vitenzi sitini, kipimo cha -ki- na -ta-, mazoezi themanini na majibu nyuma. Nilikwenda Nasser Road, ambako ndiko uchapaji mwingi wa Kampala unakofanyika, nikapata nakala thelathini kwa shilingi 3,500 kila moja.

Tulipovifungua darasani, yule msichana wa P.6 aliyetupa kanuni ya kitenzi cha kwanza alikaa kimya akisoma majibu, kisha akainua mkono. Jibu la 38: "When the rain will stop, we will open the shop." Kosa letu kuu, limechapwa mara thelathini. Mchapaji hana lawama. Nilimpelekea faili la Machi badala ya lile la Mei, sehemu ya majibu. Niliumia, kwa sababu majibu ndiyo mtu anayoyaamini akiwa peke yake usiku.

Gharama: uchapaji 105,000, boda kwenda na kurudi 8,000.

Jumamosi, 14 Juni: marekebisho

Tumenunua lebo nyeupe za kubandika, tukaandika jibu sahihi la 38 kwa mkono mara thelathini, kila mtu akabandika kwenye vitabu viwili hivi. Kisha tukagawana kurasa za majibu, wawili wawili, na kuyasoma yote themanini kwa sauti. Tulipata kosa moja zaidi, "will went" katika la 61, nalo likapata lebo yake. Ningelifanya usomaji huo kabla ya kwenda Nasser Road, ningeokoa siku nzima na shilingi 4,000 za lebo. Anayeiga asipeleke kitu kuchapwa kabla darasa halijakisoma.

Jumla tangu Februari: shilingi 150,200. Watu wazima walichangia 10,000 kila mmoja, zilizobaki nimetoa mimi. Ukiacha kijitabu na lebo zake, kadi, reli na fotokopi zimegharimu 33,200, na kwa hizo peke yake darasa linaweza kwenda.

Kuna mambo mawili tuliyoyaahirisha. La kwanza ni maneno ya kunukuu, kama "He said he was coming", ambayo inapaswa kuwa "He will say he is coming" na bado inawachanganya wote. La pili ni used to, "alikuwa akiuza", ambayo haina kesho yake. Tutaanza na la kwanza Jumamosi tarehe 28, saa tisa. Kadi zake nimeshaziandika na kuzifunika, na mama wa dirishani ameniomba azipitie kabla ya darasa. Nitampelekea kesho.